Kupanga Foleni za Intaneti kwenye Ruta: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Nyumba za Wageni na Saiba za Lamu

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Mwenye nyumba ya wageni pale Shela analipia Mbps 20 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi ya intaneti) na bado wageni wanalalamika. Mwenye saiba Langoni anaona ukurasa wa eCitizen unazunguka tu pindi kijana mmoja anapoanza kupakua mchezo. Mwalimu anayefundisha kwa Zoom kutoka nyumbani kwake Malindi, sauti yake hukatika kila ikifika saa mbili usiku. Wote huishia kuuliza: ninunue kifurushi kikubwa zaidi?

Usinunue bado. Panga foleni kwenye ruta yako, kile kifaa kinachowagawia watu intaneti, kwanza, upime, ndipo uamue. Mara nyingi kifurushi ulicho nacho kinatosha, ila kila mtu anakivuta kwa wakati mmoja na hakuna anayegawa zamu.

Mwongozo huu unatumia ruta za MikroTik, kwa sababu ni za bei nafuu, zimeenea, na zinakupa uwezo kamili wa kugawa kasi. Ukiwa na ruta ya aina nyingine, soma hata hivyo: vipimo na hesabu ni vile vile, na karibu na mwisho nimeeleza utakapogusa. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee.

Kinachotokea laini inapojaa

Data ikizidi uwezo wa laini, husubiri mahali fulani. Usipopanga chochote, husubiri kwenye modemu, kwenye dishi au kwenye mnara wa mtoa huduma, vyombo ambavyo huna mamlaka navyo. Huko foleni huwa ndefu na haichagui: aliyetangulia kuingia ndiye anayetangulia kutoka. Ni kama kichochoro cha Langoni wakati punda wa mawe wameingia kwa mfululizo. Hata mwenye bahasha moja mkononi itambidi awafuate nyuma mpaka watoke. Simu ya WhatsApp ndiyo bahasha hiyo. Ni ndogo sana, lakini haiwezi kungoja.

Dawa yake ni kuihamisha foleni iwe ndani ya ruta yako. Unaiambia ruta ipitishe kasi ndogo kidogo kuliko ile laini inayoweza kubeba. Hapo data haijazani tena huko nje. Inasubiri kwako, nawe ndiye unayeamua nani apite.

Jambo moja lishike kabla hujaendelea, maana ndilo wengi hawalitazami: kinachoziba laini mara nyingi ni kupakia, si kupakua. Kundi la wageni linarudi alasiri kutoka kuzamia Manda Toto. Simu zinashika waifai mlangoni, zikiwa bado mifukoni, na papo hapo zinaanza kupeleka picha na video za siku nzima kwenye iCloud au Google. Hakuna aliyegusa kitu. Njia ya kupakia, ambayo kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kupakua, inajaa kabisa. Na ikijaa hiyo, kupakua nako kunakwama, kwa sababu kila data unayopokea inahitaji jibu dogo lirudi kusema imefika. Ndiyo maana mwenye nyumba akipima anaona kasi ya kupakua imeshuka, anadhani mtoa huduma amempunja, kumbe mzigo ni wa kwenda.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Laptopu na waya wa mtandao. Usifanye kazi hii kwa waifai. Waifai ina matatizo yake yenyewe na itakuharibia vipimo.
- Programu ya WinBox, ya kuipangia ruta kutoka kwenye laptopu, inayopatikana bure kwenye tovuti ya MikroTik, pamoja na jina na nywila ya ruta. Kama ruta ilifungwa na fundi mwingine, mwombe nywila kwanza. Kuirudisha ruta kwenye hali ya kiwandani kwa sababu ya nywila ni kufuta kila alichopanga.
- Toleo la RouterOS, yaani mfumo unaoendesha ruta za MikroTik. Litazame kwenye "System" kisha "Packages". Toleo la 7 lina aina ya foleni iitwayo cake, ambayo ndiyo nitakayoitumia. Kwa toleo la 6, au kwa ruta ndogo kama hAP lite yenye RAM ya MB 32, utatumia PCQ, aina nyingine ya foleni inayogawa kwa haki. Nitaonyesha zote mbili.
- Karatasi yenye orodha fupi ya vifaa ambavyo lazima vifanye kazi muda wote: kompyuta ya mapokezi, mashine ya kupokea malipo ya kadi, simu ya ofisi. Orodha ikizidi vifaa vitano, ipunguze. Kila kitu kikiwa cha kwanza, hakuna cha kwanza.
- Saa moja isiyo na watu. Nyumba za wageni huwa tupu asubuhi wageni wakishapanda boti; saiba ni kabla ya kufungua.

Na jambo moja ulitazame kwa macho: je, watu wanaunganishwa kupitia MikroTik yako, au wengine wameshika waifai ya kile kisanduku cha mtoa huduma? Aliyeshika waifai ya kisanduku anapita kando ya foleni zako zote, na mmoja kama huyo anatosha kuharibu kazi yote. Ingia kwenye kisanduku hicho uzime waifai yake, au ukiweke kiwe daraja tu, yaani kipitishe intaneti hadi kwenye ruta yako bila kugawa chochote chenyewe. Kwa Starlink, hali hiyo huitwa "Bypass" kwenye programu yao.

Hatua zenyewe

1. Pima laini ikiwa tupu, kisha ikiwa imejaa.

Chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya. Pima kasi mara tatu kwa siku: asubuhi, adhuhuri, na kati ya saa mbili na saa nne usiku. Andika kupakua na kupakia, yote mawili. Kisha fungua dirisha la amri la Windows uandike:

`ping -t 8.8.8.8`

Tazama namba za milisekunde laini ikiwa tupu. Sasa chukua simu, anza kupeleka video kubwa kwenye Google Drive, huku ukiendelea kutazama. Kama namba zinaruka kutoka 30 hadi 400 au 800, umelishika tatizo lako mkononi. Andika namba zote mbili, ya tupu na ya kujaa. Utazihitaji hatua ya 8. Zima kipimo kwa Ctrl na C.

2. Piga hesabu ya kikomo.

Chukua kipimo cha chini kabisa ulichopata, wala si kile kilichoandikwa kwenye risiti ya kifurushi. Tuseme usiku ulipata Mbps 16 za kupakua na Mbps 8 za kupakia. Asilimia 90 yake ni 14.4 na 7.2. Chukua 14 na 7.

Wengi husita hapa kwa sababu wanaona wanatupa kasi waliyoilipia. Hiyo unayoiacha ndiyo inayoifanya foleni ikae kwako. Ukiweka kikomo sawasawa na kasi ya laini au juu yake, ruta haioni sababu ya kupanga chochote, na unabaki ulipokuwa.

Laini za Starlink, zilizoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, na za mnara hupanda na kushuka sana ndani ya siku. Kwa hizo shuka zaidi, hata asilimia 80 ya kipimo cha usiku. Laini ya faiba iliyotulia unaweza kuiweka kwenye 95.

3. Ingia kwenye ruta na uhifadhi ilivyo sasa.

Chomeka waya kwenye tundu la 2 au yanayofuata. Tundu la 1 kwa kawaida ndilo la intaneti. Fungua WinBox, nenda kwenye "Neighbors", bofya ruta yako, ingia. Anwani ya kawaida ni 192.168.88.1. Kama yako ni nyingine, kila utakapoona 192.168.88 humu chini weka ya kwako.

Fungua "New Terminal" uandike:

`/export file=kabla-ya-foleni`

Fungua "Files", uliburute faili hilo hadi kwenye laptopu. Lisibaki kwenye ruta peke yake. Kisha bofya "Safe Mode" juu ya dirisha. Ukiwa humo, ukifanya jambo likakukata mtandao, ruta inarudisha mambo yenyewe.

4. Zima FastTrack.

Hatua hii ikirukwa, zote zinazofuata ni bure. FastTrack ni njia ya mkato: ruta inapitisha data bila kuikagua, nayo inaziruka foleni. Mipangilio ya kiwandani huja nayo ikiwa imewashwa. Andika:

`/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]`

Izime tu, usiifute, huenda siku moja ukaihitaji. Baada ya hapo toka kwenye "Safe Mode" kwa kukibofya tena, ndipo uiwashe upya ruta, ili mawasiliano yaliyokuwa tayari yamepita mkato yakatike. Usiiwashe upya ukiwa bado ndani ya "Safe Mode", utapoteza ulichofanya. Ikishawaka, ingia tena urudi kwenye "Safe Mode".

5. Vipe vifaa muhimu anwani za kudumu.

Nenda "IP", "DHCP Server" (sehemu ya ruta inayogawa anwani kwa vifaa), "Leases". Kitafute kifaa cha kwanza katika orodha yako, bofya kulia, chagua "Make Static", kisha kifungue ukibadilishe anwani iwe 192.168.88.5. Cha pili kipe 192.168.88.6. Nimechagua hizo kwa sababu MikroTik kwa mpangilio wa kawaida hugawa kuanzia .10, kwa hiyo hazigongani na za mgeni yeyote.

Simu zina mtego wake. Kuanzia Android 10 na iOS 14, simu hutumia anwani ya kifaa ya kubuni kwa kila waifai. Simu ya ofisi ikiisahau waifai ikaunganishwa upya, ruta yaweza kuiona kama mgeni mpya. Ifungue simu hiyo, kwenye mipangilio ya waifai yako, uchague itumie anwani halisi ya kifaa.

6. Tengeneza aina za foleni.

Kwa RouterOS 7:

`/queue type add name=keki-pakia kind=cake cake-flowmode=dual-srchost cake-nat=yes`

`/queue type add name=keki-pakua kind=cake cake-flowmode=dual-dsthost cake-nat=yes`

Ya kwanza inagawa kwa haki kati ya wanaotuma, ya pili kati ya wanaopokea. Haki hiyo ni kwa kila kifaa: mwenye mafaili ishirini yanayopakuliwa kwa pamoja hapati zaidi ya mwenye faili moja. Sehemu ya "Bandwidth" ndani ya cake iache wazi. Kikomo kinawekwa hatua inayofuata, na kukiweka mara mbili ni kujitafutia mkanganyiko.

Kwa RouterOS 6 au ruta dhaifu, huhitaji kutengeneza chochote hapa. Aina mbili ziko tayari ndani: pcq-upload-default na pcq-download-default. Popote nitakapoandika keki-pakia na keki-pakua, weka hizo.

7. Jenga foleni tatu.

Moja ni mama, nyingine mbili ni watoto wake. Mama anashika kikomo cha nyumba nzima, watoto wanagawana.

`/queue simple add name=NYUMBA target=192.168.88.0/24 max-limit=7M/14M`

`/queue simple add name=OFISI parent=NYUMBA target=192.168.88.5/32,192.168.88.6/32 limit-at=2M/4M max-limit=7M/14M priority=1/1 queue=keki-pakia/keki-pakua`

`/queue simple add name=WAGENI parent=NYUMBA target=192.168.88.0/24 limit-at=4M/9M max-limit=7M/14M priority=8/8 queue=keki-pakia/keki-pakua`

Zisome taratibu kabla ya kubonyeza, maana hapa ndipo makosa mengi hutokea.

Namba ya kushoto ya mkwaju (/) ni kupakia, ya kulia ni kupakua. Watu huandika 14M/7M kwa mazoea ya kutanguliza kupakua, wakaishia kubana upande usiohitaji kubanwa na kuacha wazi ule ulioziba.

Herufi M lazima iwepo. Ukiandika 14 peke yake, ruta inaelewa biti 14 kwa sekunde, na nyumba nzima itakatika intaneti papo hapo. Hapo ndipo utashukuru kwamba hukuanza kazi wageni wakiwa mezani.

"limit-at" ni kasi ambayo foleni inahakikishiwa hata laini ikijaa. "max-limit" ni mwisho ambao foleni inaweza kufika laini ikiwa na nafasi. Jumla ya "limit-at" za watoto isizidi "max-limit" ya mama. Humu ni 2+4 kwa kupakia, yaani 6, na 4+9 kwa kupakua, yaani 13. Ziko chini ya 7 na 14, ni salama.

"priority" ya 1 ndiyo ya juu na 8 ndiyo ya chini, kinyume na wengi wanavyodhani.

OFISI iwe juu ya WAGENI katika orodha. Ruta inasoma kutoka juu kwenda chini na kusimama inapopata foleni inayolingana. Kwa kuwa WAGENI inashika anwani zote, ikitangulia itaimeza na ofisi. Ukihitaji kuzipanga upya, buruta kwa kipanya ndani ya "Simple Queues".

Wengi huniuliza kama wamwekee kila mgeni kikomo chake, tuseme Mbps 2. Mimi sipendelei. Saa nne asubuhi kuna mgeni mmoja tu nyumbani, anafanya kazi yake kwa video, na kasi yote imelala bure huku yeye akibanwa kwenye 2. Cake na PCQ tayari zinagawa sawa kwa sawa kulingana na waliopo: wakiwa wawili kila mmoja ana nusu, wakiwa kumi kila mmoja ana fungu lake. Kikomo cha mtu mmoja mmoja kina maana saibani, pale unapouza vifurushi vya bei tofauti.

Jingine nisilolipendekeza kwa anayeanza ni kujaribu kuitambua YouTube au TikTok kwa jina ili uibane. Karibu kila kitu sasa kinasafiri kikiwa kimefichwa, utambuzi huo hukosea, na unaichosha prosesa ya ruta. Gawa kwa watu, na programu zitajipanga zenyewe.

8. Pima tena na urekebishe.

Rudia kipimo cha hatua ya 1 sawasawa: ping inakimbia, video inapanda Google Drive, na mtu mwingine anapakua faili kubwa. Ilipokuwa inaruka hadi mamia, sasa inapaswa kukaa karibu na namba ya laini tupu, pengine ikiongezeka kwa makumi machache. Piga na simu ya WhatsApp wakati huo huo, uisikilize kwa dakika mbili tatu. Sikio lako ni kipimo pia.

Kama bado inaruka, punguza kikomo cha mama kwa asilimia 5, na watoto vivyo hivyo, upime tena. Kama imetulia, pandisha asilimia 5 kidogo kidogo mpaka ianze kuruka, kisha rudi hatua moja nyuma. Fanya marekebisho ya mwisho usiku, saa ya msongamano. Kikomo kilichopimwa asubuhi tu hakifiki hata kesho.

Ukiwa kwenye "Simple Queues" utaona rangi: kijani ni matumizi hadi nusu ya kikomo, njano hadi robo tatu, nyekundu ni zaidi ya hapo. Foleni ya wageni kuwa nyekundu jioni si ugonjwa. Ndiyo kazi yake.

9. Toka "Safe Mode", hifadhi, na uandike.

Bofya "Safe Mode" itoke. Usiisahau, maana ukifunga WinBox kabla ya hapo mabadiliko yote yanafutika. Kisha:

`/export file=baada-ya-foleni`

Lipeleke laptopuni kama lile la kwanza. Kwenye karatasi andika kikomo ulichoweka, tarehe, na vipimo, uibandike karibu na ruta. Fundi ajaye, au wewe mwenyewe mwakani, ataanzia hapo.

Kama ruta yako si MikroTik

Ruta nyingi za kawaida zina ukurasa wa "QoS" au "Bandwidth Control". Zitakuuliza jumla ya kupakia na kupakua: weka hesabu za hatua ya 2. Angalia kipimo, kwa sababu nyingi hutaka Kbps. Mbps 14 ni Kbps 14,000. Usichanganye pia Mbps na MB kwa sekunde zinazoonyeshwa na kompyuta wakati wa kupakua: MB 1 ni biti milioni 8.

Ruta yenye OpenWrt, mfumo huria wa ruta, ni rahisi kuliko zote kwa kazi hii. Sakinisha luci-app-sqm, fungua ukurasa wa SQM, chagua tundu la intaneti, weka kasi zako mbili, chagua cake pamoja na piece_of_cake.qos, hifadhi. Umemaliza.

Mambo yakikataa

*Foleni zinasoma sufuri.* FastTrack bado iko hai, au "target" haifanani na anwani za mtandao wako. Tazama anwani ambayo laptopu imepewa. Ikianza na 192.168.1 ilhali foleni zimeandikwa 192.168.88, hazitashika chochote.

*Kupakia na kupakua kumegeuzana.* Umeweka tundu la intaneti kuwa "target". Ruta hutazama kutoka upande wa "target", kwa hiyo ukiielekeza nje kila kitu kinapinduka. Weka anwani za ndani.

*Ghorofa nzima inaonekana kama mtu mmoja.* Kuna ruta nyingine katikati, mara nyingi ile iliyofungwa juu ili kusambaza waifai, na inaficha vifaa vyote nyuma ya anwani yake moja. Wageni kumi wa huko juu wanapata fungu la mtu mmoja. Ingia humo uibadilishe iwe kisambaza waifai tu, hali ambayo kwa kawaida huitwa "Access Point", na uzime DHCP yake.

*Kwa waya ni safi, kwa waifai ni mbovu.* Foleni hazihusiki. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zina kuta nene, na waifai ya ukumbini haifiki chumba cha ndani ikiwa na nguvu. Vuta waya hadi kila ghorofa, uweke kisambaza waifai huko. Na kichwa cha waya kilichofungwa nje kikague: hewa ya chumvi hukila, shaba inageuka kijani, na mtandao unakatika bila mpangilio. Kikate, ufunge kipya.

*Ruta inajikongoja, WinBox yenyewe inachelewa.* Fungua "System", "Resources", utazame CPU laini ikiwa imejaa. Ikiganda karibu na 100, ruta imezidiwa. Kuzima FastTrack kunaongeza kazi, na cake inaongeza nyingine. Rudi kwenye PCQ. Ikishindikana, tafuta ruta yenye prosesa kubwa zaidi. hEX, ruta nyingine ya MikroTik, yenye prosesa ya MHz 880 huzimudu laini za nyumba za wageni za kawaida bila taabu.

*Mchana ni sawa, usiku inaruka tena.* Laini inashuka chini ya kikomo chako usiku. Pima saa hiyo, ushushe kikomo. Kama itabidi ushuke chini ya nusu ya ulicholipia, tatizo liko kwa mtoa huduma. Mpigie ukiwa na vipimo vyako vya siku kadhaa, vyenye saa na tarehe. Mteja mwenye namba husikilizwa haraka kuliko anayesema intaneti iko polepole.

*Mwenye nyumba amepima, anaona 14 badala ya 20.* Mweleze mapema kabla hajapima. Mwonyeshe karatasi yenye namba za ping, kabla na baada.

*Stima ikipotea na kurudi, mambo yanabadilika.* Mipangilio ya foleni haipotei umeme ukikatika. MikroTik huihifadhi yenyewe. Tazama kile kisanduku cha mtoa huduma: huenda kimewaka na waifai yake imejiwasha tena, watu wameirukia. Kama umeweka foleni za saa maalumu, tazama saa ya ruta, kwani nyingi hazina betri na saa hurudi nyuma. Washa "NTP Client", inayoiweka saa sawa kupitia intaneti, chini ya "System", na kwenye "Clock" chagua Africa/Nairobi.